Bata wa Momella wakiruka picha zinatoka na ukungu, nifanyeje?

Mwalimu_UsaRiver

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa biolojia, shule ya sekondari huku Usa River. Naomba msaada wa wale wenye uzoefu wa kupiga picha ndege wa majini.

Kilichonisukuma ni darasa. Nikifundisha maumbile ya ndege, kitabu kina mchoro wa bata amesimama ubavu, basi. Wanafunzi wangu wanauona Mlima Meru kila asubuhi wakija shule, lakini wengi hawajawahi kuingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuona kilichopo kwenye maziwa ya Momella. Nataka nitengeneze chati kubwa ya ukutani inayoonyesha hatua kwa hatua jinsi bata anavyoondoka majini, kwa picha za bata wa hapahapa kwetu.

Kamera yangu ni Canon 250D na lenzi ya milimita 55-250. Bata akiwa ametulia napata picha safi sana, hadi mistari ya manyoya ya shingoni inaonekana. Akiruka tu, kila kitu kinaharibika. Ama nachelewa na kupata maji yaliyoruka na kipande cha mkia, ama nampata lakini kichwa kina ukungu na mabawa yamekuwa moshi. Halafu wale bata bukini wa Misri wananitesa kwa namna yao: wakifungua mabawa, lile eneo jeupe linaungua kabisa, halina hata unyoya mmoja unaoonekana.

Natumia shata ya 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO 200 (kiasi kamera inavyohisi mwanga), pointi zote tisa za fokasi zikiwa zimewashwa. Mwenzangu mmoja amenishauri niwe nimejiandaa kabisa, halafu mtu arushe kijiwe majini ili waruke wote kwa pamoja. Sikulipenda wazo hilo, ila nimeona niulize. Na swali la mwisho: tatizo ni lenzi? Nianze kujinyima ninunue ya milimita 400? Bei zake nimeziona, na mshahara wa ualimu mnaufahamu.

Njiro_Boy

Mwalimu, lenzi iache kwanza. Pandisha shata hadi 1/2000, weka AI Servo (fokasi inayoendelea kumfuata ndege akisogea), zima pointi zote ubaki na ya katikati, piga mfululizo. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

DerevaMstaafu

Mwalimu, salaam. Nimeendesha watalii huku Kaskazini maisha yangu yote ya kazi, na wale waliokuwa wanakuja kwa ajili ya ndege nilikuwa nawapenda kuliko wote kwa sababu hawakuwa na haraka. Nimekaa nao Momella, Manyara, na kando ya lile Ziwa Magadi la ndani ya kreta ya Ngorongoro, na mimi mwenyewe napiga. Alichosema kijana wa Njiro ni sahihi na nitakieleza sababu yake. Lakini nianze na hilo jiwe.

Usirushe. Wala usiruhusu mtu apige honi, abamize mlango au apige makofi. Ndani ya hifadhi kusumbua viumbe ni kosa, hilo wewe kama mwalimu unalijua. Ila hata pasingekuwa na sheria ningekuambia hivyohivyo. Kati ya Novemba na Machi kuna bata hapo Momella waliotoka Ulaya na Asia. Wako hapa kula, wajaze mafuta ya safari ya kurudi, na kila mruko wa hofu unawalia akiba hiyo. Na bata wenyeji wanaotaga, mama akitoka kwenye kiota ghafla bila kuyafunika mayai, kunguru yupo juu anatazama. Chati ya kufundishia watoto uhai haifai ianzie hapo.

Halafu kuna hasara ya picha yenyewe. Bata aliyetishwa anakimbia kile kilichomtisha, na kilichomtisha ni wewe. Utapata mikia tu. Bata anayeondoka kwa hiari yake anafuata kitu kingine kabisa, nacho ni upepo.

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko namba zote za kamera. Ndege wa majini anaruka na kutua akiuelekea upepo, sawa na ndege za abiria pale KIA. Upepo wa mbele unampa nguvu ya kunyanyuka mapema, na akitua unampunguzia mwendo. Kwa hiyo ukiujua upepo unatoka wapi, umeshajua bata atatazama wapi kabla hajaamua kuondoka. Huhitaji kifaa. Tazama bata waliopumzika juu ya maji: wengi wataelekeza midomo upande mmoja, kwa sababu hawapendi upepo uingie chini ya manyoya. Huko wanakotazama ndiko watakakorukia.

Sasa weka na jua. Huku kwetu upepo mara nyingi unatoka mashariki, na asubuhi jua nalo liko mashariki. Kwa hiyo egesha gari upande wa mashariki wa ziwa, uangalie magharibi. Jua liko mgongoni kwako, upepo uko mgongoni kwako, na kila bata anayeruka au kutua anakuja akikutazama usoni, mwanga umempiga machoni na kifuani. Nyuma yake una Mlima Meru na msitu wake wa kijani kibichi, ambao kwenye picha unakuwa giza tulivu na bata anatokeza vizuri mno. Barabara za Momella zinagusa maji sehemu kadhaa, kwa hiyo upande wa kuegesha unaweza kuuchagua. Watu wengi wanasimama popote wanapoona ndege wengi. Mimi nasimama penye upepo mzuri hata kama ndege ni watatu.

Jambo la pili ni kumjua bata ataondokaje, na hapa nadhani chati yako itapata uhai, maana bata wa Momella hawaondoki kwa njia moja.

Kuna wale wanaokula juu juu, wanaotumbukiza kichwa na kubinua mkia. Yule mwenye mdomo mwekundu na kofia nyeusi kichwani, na yule wa kijivu mwenye mdomo wa waridi. Hawa wanapiga maji kwa mabawa mara moja na kupanda wima. Hakuna onyo refu. Ukisubiri uone mruko ndipo ubonyeze, umeshachelewa.

Kuna bata mbizi, wale wa kahawia iliyoiva karibu na weusi, dume ana jicho jekundu na jike ana alama nyeupe usoni iliyopinda. Miguu yao imekaa nyuma ya mwili kwa ajili ya kusukuma maji wakizama, na mabawa yao ni madogo kwa uzito walio nao. Hawawezi kuruka wima. Wanakimbia juu ya maji, hatua baada ya hatua, kila unyayo unaacha duara lake la povu, ndipo wanyanyuke. Hawa ndio wa kuanza nao, Mwalimu. Wanakupa muda. Kukuziwa wanafanya vivyo hivyo, na heroe pia, ila heroe anakimbia shingo ameinyoosha mbele, akinyanyuka miguu inabaki nyuma, na ni mkubwa, huhitaji lenzi ndefu.

Kibisi usimngoje. Yule mdogo wa mviringo akihisi hatari anazama, na utakesha.

Dalili za kuondoka zipo. Bata bukini wa Misri, kabla ya kuruka, wanaanza kupandisha na kushusha vichwa, wananyoosha shingo, jike anapiga kelele na dume anakoroma kwa sauti ya kukwaruza. Wakianza hivyo wote wawili, kidole kiwe kwenye kitufe. Bata wadogo wanaacha kula, wanasogeleana, shingo zinasimama, wanatikisa vichwa. Na kuna tendo moja ambalo wapiga picha wengi wanalipuuza: kuoga. Bata akimaliza kuoga, karibu kila mara anasimama juu ya maji, kifua mbele, na kupiga mabawa mara mbili au tatu kukung'uta maji. Haendi popote. Ukimwona anajimwagia maji mgongoni, mlenge na usubiri. Mabawa yanafunguka yote, matone yanatawanyika, na huna haja ya kumfukuza kwa kamera. Kwa kuanzia hakuna kinachoshinda hiki.

Sasa kamera. Bata anayeruka kwa kilomita 60 kwa saa anakwenda karibu mita 17 kwa sekunde. Kwa 1/500, shata ikiwa wazi yeye amesogea zaidi ya sentimita 3. Hapo jicho lake haliwezi kuwa kali hata ungekuwa na lenzi ya bei ya gari. Kwa 1/2000 amesogea milimita 8 hivi, na ukimfuata kwa kamera huku unapiga, hata hizo zinapungua. Ncha ya bawa inakwenda kasi kuliko mwili, kwa hiyo ikibaki na ukungu kidogo usihuzunike, inaonyesha uhai. Heroe na mwari mabawa yao ni makubwa na ya polepole, 1/1000 inawatosha mara nyingi.

ISO 200 haiwezi kukupa hiyo kasi asubuhi. Kwa f/5.6 na 1/2000, jua la saa moja na nusu linadai 800 au zaidi. Jua likipanda na kuwa kali unaweza kushuka hadi 400. Chembechembe kidogo zinazoletwa na ISO kubwa si ugonjwa. Picha yenye ukungu haitibiki.

Nayo nyeupe ya bata bukini iko hivi. Akiwa ametulia, lile eneo jeupe la bawa limefichwa, wewe na kamera mnaona kahawia tu. Kamera inapima kahawia na maji meusi, inaongeza mwanga. Akifungua mabawa, weupe unatoka ghafla na kuungua. Dawa ni kutoiachia kamera iamue. Weka kila kitu kwa mkono: shata, tundu la lenzi na ISO. Pima kwenye nyasi za kijani zilizopigwa na jua lilelile, kisha punguza theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera) kwa ajili ya nyeupe. Jua halibadiliki bata akipita kutoka maji meusi kwenda angani, kwa hiyo namba zako nazo hazina sababu ya kubadilika. Rudia kupima wingu likipita.

Na piga asubuhi. Kuanzia saa tatu hivi, kukiwa na jua, hewa juu ya maji na tope inaanza kucheza. Utadhani fokasi imekosea, utalaumu lenzi, kumbe ni joto, na lenzi ya 400 ingekuonyesha mchezo huo kwa ukubwa zaidi tu. Ndiyo maana nasema usinunue. Kwenye kamera yako hiyo 250 tayari inaona kama milimita 400. Tena kwa bata bukini ningekuambia rudi nyuma hadi 150 au 180: mwili wake ni sentimita 70 hivi, lakini mabawa yakifunguka yanakaribia mita moja na nusu. Ukimjaza kwenye fremu akiwa amekaa, akiruka utamkata.

Mwalimu_UsaRiver

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili na nimeuchapa ujumbe wako niubandike kwenye daftari. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba wale wanaokimbia na wale wanaopanda wima wanatofautiana kwa sababu ya miguu. Hilo peke yake ni kipindi kizima cha darasa.

Maswali mawili. Kwanza, fokasi: nikibaki na pointi ya katikati, bata akitoka kidogo tu kwenye pointi, fokasi inarukia majani ya ng'ambo na hairudi. Pili, likizo yetu ya katikati ya mwaka inaangukia kipupwe, na mnajua Arusha Juni na Julai, wingu linakaa hadi mchana. Nisubiri Desemba?

DerevaMstaafu

Marahaba Mwalimu.

Fokasi: itenganishe na kitufe cha kupigia. Kwenye menyu ya kamera yako kuna sehemu ya kubadilisha kazi za vitufe. Fanya kile cha nyota, kilichopo mahali pa kidole gumba, ndicho kiwashe fokasi. Gumba linashika fokasi, kidole cha shahada kinapiga. Bata akikuponyoka kwenye pointi, inua gumba papo hapo. Fokasi inabaki pale ilipokuwa, haiendi kwenye majani. Ukimrudisha katikati, bonyeza tena. Itakuchanganya mwanzoni, kisha hutataka kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Tumia kidirisha cha kutazamia, si skrini ya nyuma. Kamera ikiwa imegusa uso haitikisiki hovyo na unamfuata ndege kwa kiuno, siyo kwa mikono. Anza kumfuata mapema, akiwa bado mbali, halafu ndipo upige. Ukianza kumtafuta akiwa mbele yako, ameshapita.

Zima injini. Mtetemo wa gari unaonekana kwenye picha. Shona kimfuko cha kitambaa kigumu, kijaze maharage makavu, kiweke kwenye dirisha la gari na lenzi ilale juu yake. Kwa bata waliokaa au wanaooga hakuna bora zaidi. Wakiruka, nyanyua kamera.

Kipupwe usikikimbie. Wingu linafanya mwanga kuwa laini, ile nyeupe ya bata bukini haiungui, na hewa haichezi kwa joto, kwa hiyo unaweza kupiga hadi saa tano. Gharama yake ni ISO. Tarajia 1600, wingu likiwa zito 3200. Kamera yako inavumilia. Na kama mwanga umegoma kabisa, geuza mchezo: shuka hadi 1/60, mfuate bata anayepita mbele yako ubavu, piga huku unaendelea kugeuka bila kusimama. Kichwa kinabaki kikali, mabawa yanakuwa mkupuo wa rangi na maji nyuma yanakuwa mistari. Nyingi zitaharibika. Ile moja itakayokaa itawaonyesha watoto mwendo kuliko picha yoyote iliyogandishwa.

Lakini bata wa Ulaya hutawaona Juni. Kwa hao subiri likizo ya Desemba.

Muuguzi_Bristol

Habari za huko nyumbani. Mimi mzaliwa wa Moshi, nafanya kazi Bristol, na siku zangu za mapumziko naenda Slimbridge, ile hifadhi ya ndege wa majini iliyoanzishwa na Peter Scott mwaka 1946. Naunga mkono hoja ya mzee kuhusu upepo kwa asilimia mia. Huku wakati wa baridi wanakuja batamaji weupe kutoka Urusi ya kaskazini, wakubwa, wazito, na wanakimbia juu ya maji muda mrefu kabla ya kunyanyuka. Kabla ya kukimbia wanatikisa vichwa na kuitana. Siku ya kwanza kuliona hilo nilikumbuka bata bukini wa kwetu.

Nataka kuongeza kitu kimoja kwa Mwalimu. Bata wa mdomo mpana bapa, dume akiwa na kichwa cha kijani, ninayemwona hapa Januari, ni wa aina ileile wanaofika maziwa ya Afrika Mashariki miezi hiyohiyo. Kundi moja linaishia Uingereza, lingine linaendelea hadi kwenu. Ukimpata Desemba, mweke kwenye chati pamoja na ramani. Mimi nitakuletea picha yake akiwa na barafu nyuma, bure, uiweke kando ya yako.

MpigaKasia_Kisumu

Mwalimu, mimi si mpiga picha, mimi natembeza wageni kwa mtumbwi hapa Dunga, Kisumu. Lakini wapiga picha nimebeba wengi, na nasikia kwenye Momella Ndogo pia watu wanaingia na mitumbwi wakiwa na askari wa hifadhi. Kama utafanya hivyo, ongea na mpiga kasia kabla hamjaondoka. Mwambie asiwaendee bata moja kwa moja. Apige kasia akipita pembeni kana kwamba ana safari zake, kisha aache mtumbwi usogee wenyewe. Bata wakisimamisha shingo, simameni hapohapo. Wakirudi kula, mko salama kuendelea. Wakianza kuogelea kwenda mbali, mmewasukuma, rudini nyuma.

Picha kutoka kwenye mtumbwi ni nzuri kwa sababu kamera iko usawa wa jicho la bata. Dirisha la gari liko juu, unapiga mgongo. Mwambie mpiga kasia aache kupiga kasia unapopiga picha, kila pigo linatikisa.

Na viboko. Askari akisema hapana, ni hapana. Kiboko aliyezama humwoni, unaona mapovu tu yanakuja. Hakuna picha inayostahili hatari hiyo.

Ukitaka mazoezi bila gharama, huku tunao mdiria mweusi na mweupe, anasimama hewani juu ya maji akipiga mabawa mahali pamoja kabla ya kudondoka kuchukua samaki. Wageni wangu wote wanaanza na huyo. Hata huko kwenu palipo na bwawa lenye samaki nadhani hatakosa.

Njiro_Boy

Na yangeyange je? Jioni wanarudi kulala kwenye miti kwa makundi, njia ileile, saa ileile. Mimi nilijifunzia hapo, kando ya shamba la ng'ombe. Ni weupe, kwa hiyo tatizo lako la nyeupe kuungua utalimaliza palepale. Hakuna kiingilio.

Mwalimu_UsaRiver

Asanteni sana wote. Kaka wa Kisumu, nimekuelewa kuhusu viboko. Dada wa Bristol, picha hiyo naisubiri, na ramani nitaichora mwenyewe.

Nimeanza na yangeyange. Wanapita juu ya uwanja wa shule saa kumi na mbili jioni, kumbe nilikuwa nao siku zote. Kitufe cha nyota kimekubali. Jana nimepata mmoja mabawa juu kabisa, jicho kali, kila unyoya mweupe unaonekana. Nimewaonyesha kidato cha pili, wakaanza kuniuliza mbona miguu ameinyoosha nyuma na shingo ameikunja. Jumamosi nakwenda Momella.

Mzee, swali moja la mwisho. Kwa chati, niweke picha moja kubwa nzuri ya bata mbizi, au kadhaa ndogo? Na nikikata picha ili bata awe mkubwa, itachapika?

DerevaMstaafu

Weka kadhaa, Mwalimu, kwa mpangilio. Kuna Mfaransa, Étienne-Jules Marey, mtu wa fiziolojia kama wewe ulivyo wa biolojia. Mwaka 1882 alitengeneza kamera ya umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja, kila moja kwa 1/720 ya sekunde, ili aone ndege anavyopiga mabawa, jambo ambalo jicho tupu halikuwahi kuliona. Alitaka kuelewa mwendo, ndiyo sababu hakuridhika na picha moja. Kamera yako inapiga tano kwa sekunde ikiwa kwenye AI Servo. Bata mbizi anakimbia juu ya maji zaidi ya sekunde moja, kwa hiyo mkimbio mmoja unakupa picha za kutosha: shingo inanyooka, mguu wa kwanza unagonga, povu, bawa chini, kifua kinaachana na maji. Zitoe zote kwenye mkimbio mmoja wa bata mmoja, usichanganye bata wawili, watoto watagundua. Chini yake weka yule wa mdomo mwekundu akipanda wima, picha mbili zinatosha kwa sababu hana hatua za kati. Mistari hiyo miwili ikikaa juu na chini, swali la miguu watajiuliza wenyewe.

Kuhusu kuchapa, picha nzima ya kamera yako ina pikseli (vidoti vinavyounda picha) 6000 kwa 4000. Ukiikata ubaki na nusu ya upana na nusu ya urefu, una 3000 kwa 2000. Kwa chati ya ukutani inayotazamwa kutoka dawatini, pikseli 150 kwa inchi zinatosha, maana yake unaweza kuichapa hadi sentimita 50 kwa 34 bila kuharibika. Picha zako za hatua hazitafika hata nusu ya ukubwa huo. Mwambie wa duka la kuchapisha asiongeze ukali wala rangi, na uombe karatasi isiyong'aa, maana darasani dirisha litaakisi.

Ukirudi Jumamosi ifute kamera na lenzi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji safi, kisha kikavu. Maji ya Momella yana magadi, na vumbi la kando yake pia.